Kifua cha Hachoki

Rut alikuwa mfinyanzi wa Ikombe, kijiji cha Wakisi kando ya Ziwa Nyasa, na watu walimjua kwa sikio lake. Chungu kikishatoka motoni alikigonga kwa kifundo cha kidole. Kikilia vizuri, kimeiva. Kikitoa sauti nzito, kina ufa usioonekana, naye alikivunja papo hapo.

Siku moja ya mwaka 1907, enzi za Wadachi, Asajile, mtoto wa kaka yake, alifika na mkuki mkononi. Mbwa mmoja alimfuata. Wa pili, Hachoki, alikuwa mabegani mwake, akikohoa.

"Ugonile, shangazi."

"Ndaga, mwanangu. Mbona mbwa kabebwa kama bwana harusi?"

Asajile hakucheka. Ndama wake wanne walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa mapafu. "Wazee wanasema huyu naye anao, atawaambukiza ng'ombe waliobaki. Wanataka nimuue, tumpasue tuone. Lakini wewe unaona ndani ya chungu kabla ya kukivunja."

Rut alimlaza Hachoki, akamgonga mbavuni. Upande wa kushoto, nyuma ya mguu wa mbele, sauti ilikuwa nzito. Akarudia. Nzito vilevile.

"Pole, mwanangu. Mapafu yamejaa."

Asajile aliinamisha kichwa, kisha akauchukua mkuki na kumwita mbwa kwa jina. Hachoki akatikisa mkia, akaanza kujikokota kumfuata nyuma ya nyumba.

Mkia ule ulimchoma Rut. Vyungu vizima alikuwa amevigonga maelfu. Mbwa mzima alimgonga lini?

"Asajile! Subiri! Niletee yule mwingine."

"Huyu haumwi, shangazi."

"Ndiyo maana namtaka."

Alichovya kidole katika udongo mweupe wa kupambia vyungu. Kila mahali sauti ilipogeuka kutoka nyepesi kuwa nzito, alitia nukta. Kwenye ubavu wa mbwa mzima nukta zilifanya duara dogo kama yai la kuku. Rut akaweka kiganja juu yake, akahisi kitu kikidunda.

"Kumbe hata mzima ana sauti nzito! Hapa ndipo moyo ulipo."

Akamrudia Hachoki. Safari hii duara lilienea karibu nusu ya ubavu, lakini nje yake kila mahali palilia vyema.

"Nilikosea, mwanangu. Mapafu yake ni mazima. Moyo ndio uliotanuka."

"Nao unaambukiza?"

"Moyo uliambukiza lini, isipokuwa kwa mapenzi?"

Hapo Asajile akacheka. Kisha akakunja uso. "Wazee hawataniamini."

"Usiufute udongo. Wapelekee wote wawili, wagonge wenyewe. Na huyu asikimbize nguruwe mwitu tena. Moyo siwezi kuufinyanga upya."

Jioni ile wazee watatu walichuchumaa uani kwa Asajile, vidole vyao vikipita juu ya maduara mawili meupe. Waligonga, wakasikiliza, wakabadilishana mbwa. Mzee Lameck alidai kidole chake kinasikia kuliko cha Yakobo. Yakobo akamjibu kwamba hata mkewe akimwita hasikii. Walipochoka kubishana, Lameck alisimama akajinyoosha kiuno.

"Mpe maji," alimwambia Asajile, "halafu mfanyie kivuli."

Hachoki aliishi masika mawili zaidi, akilinda mlango kwa kulala.