Siku Viti vya Baraka Vilipopanda Jukwaani

Dorothée Mbilizi binti Asukulu, mjane wa Raphaël seremala. Baba yake, Asukulu, ndiye aliyebeba robota la pamba kichwani kutoka Mboko mpaka Baraka, akakuta depo imefungwa, akageuka nalo bila kulitua, kwa hasira tu. Bibi yake mzaa mama alimfukuza karani wa pamba kwa mwiko wa bugali, tena mwiko ukiwa bado na bugali. Yeye mwenyewe alizaa saba, akazika wawili, na kwa miaka mingi hakuna arusi wala kilio kilichofanyika mtaani kwetu bila viti vyake. Raphaël alikuwa kaka yangu, kwa hiyo Dorothée ni wifi yangu, na haya nayaandika kwa sababu wajukuu wake wanajua jina lake tu, hawajui mtu mwenyewe.

Viti vilikuwa sita, vya mbao ya muvula, vizito kama deni la mkwe. Raphaël alivichonga mwaka wa kwanza wa ndoa yao, na chini ya kila kimoja, pale pasipoonekana, akachoma herufi mbili kwa msumari wa moto: D na M. Kwetu kila mwenye viti hufanya hivyo. Viti hutembea, leo viko arusini, kesho viko kwenye kilio, na mambo yakiisha vinapinduliwa miguu juu, kila mtu anasoma chake na kwenda nacho.

Vita vya mwaka tisini na nane vilipotufikia tulivuka maji kwenda Ubwari na sufuria na watoto. Kiti hakipandi mtumbwi wa watu wanaokimbia. Kaka yangu alifia huko kwa homa. Tuliporudi, nyumba ya Dorothée ilikuwa na kuta, basi. Akapindua kinu chake, akakikalia, na miaka miwili ikapita akiwa amekikalia.

Viti alivichukua nani? Ukiuliza, kila mtu alisema basoda, yaani askari, na sisi wote tuliitikia, ndiyo, basoda. Lakini soda huchukua mbuzi, radio na godoro. Nimeona majeshi ya kila rangi yakipita Baraka, sijaona hata moja linatembea na viti vya kulia chakula. Tulijua. Ila kumuuliza jirani ni kumwita mwizi, na jirani huyohuyo ndiye atakayekuchimbia kaburi. Dorothée alinyamaza. Alitaka viti vyake kuliko mtu anavyotaka chumvi, na alitaka pia kuendelea kusalimiwa asubuhi. Mambo hayo mawili hayakuwa yanapatana.

Mwaka wa elfu mbili na mbili, wakati wa kiangazi, bunduki zilipumzika kidogo, na kundi la waimbaji likaja kwa boti kutoka Kalemie. Walikuwa wanazunguka kando ya ziwa na mchezo mmoja wa kuimba, tangu mwanzo mpaka mwisho hakuna anayesema neno bila wimbo. Mkubwa wao aliitwa Alphonse, mwembamba kama ufito, sauti kama ng'ombe, na yeye ndiye aliyekuwa mfalme katika mchezo. Jukwaa lao lilikuwa sakafu ya ile depo ya pamba, iliyoinuka mpaka kifuani kwa mtu, mahali ambapo zamani makamio, malori ya pamba, yalirudi kinyumenyume kupakia. Juu yake yalibaki mabati nusu. Yaani kivuli kilikuwa jukwaani, na jua letu sisi.

Sasa mfalme wao alihitaji baraza la wazee, na mabenchi yao yalibaki Kalemie kwa sababu boti ilijaa. Basi Alphonse alipita mitaani na kipaza sauti akitangaza kwamba mwenye kiti aje nacho, atakaa juu, kivulini, katikati ya waimbaji, awe mzee wa mfalme, na hatalipa kitu.

Alphonse hakuwa mtu wa Baraka. Mtu wa Baraka asingetangaza jambo kama hilo. Na watu wa Baraka waliposikia kivuli hawakufikiri zaidi.

Dorothée alifika wa kwanza, na kinu chake. Alphonse akamzuia kwenye ngazi, akasema kwa heshima kwamba alitangaza viti. Dorothée akamuuliza kiti ni nini kama si kitu cha kukalia. Alphonse akasema kinu kitaharibu sura ya baraza. Dorothée akamtazama kuanzia taji, ambalo lilikuwa kopo la mafuta lililokatwa meno, mpaka kwenye kandambili.

"Mufalme wako anakula nini," akamwambia, "kama kwake hakuna mama wa kutwanga?"

Waliokuwa karibu walicheka, na Alphonse akaona afadhali ampishe. Mimi nikabaki chini juani, nimemshikia mchi.

Halafu viti vikaanza kuja. Vilikuja kama tunavyobeba viti siku zote, vimepinduliwa kichwani, miguu juu. Sisi wa chini tuliona miguu tu. Lakini aliyekaa juu ya ile sakafu aliona sehemu za chini zote zimeelekea mbinguni, na herufi zake. Watu walikuwa wamekwangua migongo ya viti, wamepaka rangi, wamevifunika vitambaa vya kusuka, na sasa walikuwa wanabeba majina ya wenyewe juu ya vichwa vyao. Kiti cha mwalimu Jacques kilikuja na muuza chumvi. Kiti cha muuza chumvi kilikuja na mwalimu Jacques. Na D.M. ilikuja juu ya Bertin, muuza mawese, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyeongoza sala siku tulipofanya kilio cha Raphaël. Alikuwa amekipaka kijani. Akakitua kando ya kinu kabisa, akaketi, akasema jambo mama.

Dorothée akaitikia jambo.

Mchezo ukaanza. Aliniambia baadaye kwamba aliyekaa jukwaani haoni mchezo, anaona mgongo wake. Aliona gauni la binti wa mfalme limefungwa nyuma kwa kamba ya wavu. Aliona mchumba wa kwanza, aliyekufa kwa mapenzi, akijikuna mguu huku analiliwa. Sisi chini tulilia kweli. Yeye alikuwa anamfukuzia nzi yule maiti. Na muda wote, kila Bertin alipotikisika kwa ngoma, kile kiti kililia kwii, na Dorothée alikijua kwa sauti kama mtoto wake.

Ikafika mfalme anataka kumwoza binti kwa nguvu. Ngoma zikashuka, naye akaimba kuuliza baraza, nani ana neno? Wazee walikuwa wamefundishwa kuimba, hatuna neno, mfalme. Wakaimba. Sauti moja haikuimba.

"Mi niko na neno," Dorothée akasema.

Alphonse alikuwa mtu wa kazi yake. Hakusimamisha ngoma. Akaimba, sema mama, mfalme anasikia.

"Baraza yako isimame kwanza. Neno langu ni la watu wenye kusimama."

Mfalme akanyoosha fimbo, akaimba baraza lisimame. Hakuna aliyesimama. Mwalimu Jacques alishika kiti chake kwa mikono miwili. Muuza chumvi vilevile, na wote waliobaki, wakitazama mbele kama watu wanaopigwa picha. Aliyesimama ni Dorothée peke yake, mbele ya kinu chake, na hapo sisi wa chini tukaelewa. Kicheko kilianza nyuma kwa bamama wauza ndakala, dagaa wa kwetu, kikaja mbele kama upepo wa ziwa. Mtu akapiga kelele, mugeuze viti. Wengine wakadaka.

Nilimwona Bertin akitokwa jasho kivulini. Neno moja la wizi lingetosha, na mtaa wetu ungekuwa na vita vyake vidogo. Dorothée akainama kwake, lakini sauti yake ilifika mpaka barabarani.

"Bertin, mwanangu. Kiti hiki ulikitoa kwangu ili basoda basikichome kuni, sivyo?"

Bertin akaitikia upesi. "Ndiyo, mama. Nilikiokoa."

"Asante. Umekiokoa vizuri, hata rangi umekitia. Sasa nimerudi."

Bertin akasimama. Dorothée akaketi kwenye kiti chake, na Bertin, ambaye ni mrefu kama mlingoti, akaketi kwenye kinu, magoti yakamfikia masikioni. Mwalimu Jacques na muuza chumvi wakabadilishana bila kutazamana. Mfalme akaimba kwamba neno limesikika, akamwachia binti yake aolewe na amtakaye. Sijui kama ndivyo mchezo ulivyokuwa unaisha Kalemie.

Watu walipokuwa wanashuka, Dorothée alimshika Bertin mkono.

"Iko vingine tano. Vilitoka mlango moja na hiki, na wewe unajua vilikwenda wapi. Utapita nyumba kwa nyumba. Usiseme vimeibwa. Useme Mama Dorothée anaomba viti vyake, iko arusi."

Bertin akauliza arusi ya nani.

"Vilete kwanza. Bibi-arusi tutatafuta."