Mgeni akiingia kwa project yenu ya kujitolea, muitikieni salamu

Wakuu, za mchana. Hii ilinipata mimi mwenyewe na sina haja ya kuongeza chumvi. Bado inaniuma.

Kuna group ya volunteers online wanakusanya hadithi za Kidawida, lugha yetu Wataita. Hakuna anayelipwa. Pale juu wameandika "kila mtu anakaribishwa".

Mimi nauza spare za pikipiki hapa Voi. Nikasema wacha nichangie, maana nyanya yangu kule Rukanga alikuwa na hadithi sijaisikia kwa mtu mwingine. Na figo zilikuwa zinamsumbua, nikaona nisichelewe.

Nikaenda na simu. "Nyanya, kuna watu watakusikiza."

Sasa wale wa kwetu mnajua, mzee haanzi stori kabla ya salamu. Nyanya akaisalimia ile simu! Akauliza habari za nyumbani, za mvua, za watoto, na kila akiuliza ananyamaza, anangoja jibu. Nilibana kicheko.

Akasimulia, kufika katikati akasimama. "Wakiitikia nitamalizia. Watu wakinyamaza hadithi haiendi."

Nikajaribu kuitikia mimi. Akanikazia macho. "Kwani ni wewe nakusimulia?"

Basi nikaupload vile ilivyo, nikaeleza kwamba anangoja tu salamu ziitikiwe ndio amalizie.

Kesho yake wakaiondoa. "Low quality. Long silences. Soma guidelines."

Nikauliza nirekebishe wapi. Kimya. Nikauliza tena, mmoja wa wale wa zamani akaweka emoji ya kucheka. Wakuu, moyo ulikufa. Mimi kubembeleza siwezi.

Lakini nyanya kila nikimpigia: "Wale watu waliitikia?"

"Bado, nyanya."

"Labda wako shambani."

Kumdanganya ningeweza, lakini angeniuliza walisema nini, na hapo ningekwama.

Alifariki kabla ya mvua za vuli. Tumemaliza matanga, notification ikaingia: "Hi, sorry for the delay! Mwambie arudie bila pauses."

Arudie! Nilikaa nyuma ya duka nikalia, wateja wakiniita.

Ile nusu nyingine amezikwa nayo. Nimeuliza mashangazi wote, hakuna anayeijua.

Nilichojifunza: guidelines zinaweza kungoja. Mtu akibisha hodi, kwanza mwambie karibu.

Na wewe unayesoma huu uzi na hujawahi kuandika kitu humu, hata kama huna la maana, sema tu "nipo". Nitakuitikia.