Kujifunza Gari kwa Miguu

Mume wangu alianguka kifafa akiwa amesimama na teksi yake uwanja wa ndege akisubiri abiria. Hospitali wakakuta uvimbe kichwani. Daktari akamkataza mambo mawili: kuendesha gari, na kukaa tu nyumbani. La kwanza alilikataa papo hapo. Alisema uvimbe ni mdogo, dawa zitaumaliza, leseni itarudi. La pili likaniangukia mimi. Kila Jumapili asubuhi, nikitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, badala ya kulala nilimpeleka kutembea.

Tuliishi ughaibuni, mtaa wa Weston, karibu na mto Humber. Bondeni kuna barabara nzuri inayofuata mto, na majira ya baridi hufungwa kwa geti magari yasipite. Wazungu huja na mbwa wao, wanacheka. Mimi sikuona cha kuchekea. Miguu ilikuwa imevimba, baridi inakata masikio, na nilichokitaka duniani ni kitanda tu.

Yeye alitembea upande wa kulia wa barabara, wanakopita magari huku, kama yuko kazini, amenuna. Mwanamume aliyeuzunguka mji huu miaka na miaka, leo anatembezwa na mkewe. Nami nilinuna vilevile. Nani alinitembeza mimi?

Ugomvi wetu ulikuwa ni gari. Lilikuwa limeegeshwa chini ya jengo, na kila jioni alishuka kuliwasha, eti betri isife. Nilisimama dirishani mpaka arudi. Niliogopa kwamba siku moja ataondoka nalo, azimike njiani, aue mtu au afe yeye. Nikisema tuliuze, alinijibu, "Nikipona nitafanya kazi gani?"

Jumapili moja tulifika kwenye kona inayoteremka kuelekea mtoni. Chini ya theluji kulikuwa na barafu. Akasimama.

"Mama, ungekuwa unaendesha, hapa ungefanyaje?"

Sijawahi kushika usukani. Kila mahali alinipeleka yeye: kazini, kanisani, hospitali kujifungua watoto. Nikamwambia ningekanyaga breki.

"Ukikanyaga breki hapo unaingia mtoni. Punguza mwendo kabla ya kona. Likiteleza, usishtuke, elekeza usukani kule unakotaka kwenda." Akanyoosha mikono hewani, akakata usukani usiokuwepo, taratibu. "Haya, na wewe."

Nikanyoosha mikono yangu ndani ya glavu. Mama mmoja aliyepita na mbwa wake alitutazama, akageuza uso. Tuliteremka ile kona hivyo, watu wazima wawili, yeye akinirekebisha viwiko.

"Ukipata leseni, gari ni lako," alisema. "Kusubiri basi kwenye baridi hii kutakumaliza."

Miezi yote ile nilimwomba Mungu mume wangu akubali kuliacha gari. Sasa amekubali, na moyo ukanishuka. Alipokuwa akibisha, kumbe na mimi nilikuwa nimejiegemeza kwenye ule ubishi wake, nikiamini kidogo kwamba atapona. Sikuwa na pa kuegemea tena.

Nikamwambia nimechoka, baba, kujifunza gari kunataka mtu aliyelala. Tutaanza mwaka ujao.

"Najua umechoka," alisema. "Jifunze nikiwepo."