Kaniki Iliyotupwa Bungu

Shangazi yangu Mwamini binti Mshamu alizaliwa Salale, kwenye mikoko, akaolewa Kibiti, akaachwa Kibiti, akabaki Kibiti. Anasuka. Mikono yake ikikosa ukili inatafuta ugomvi. Zamani alikuwa anasuka mikeka ya kulalia, mpaka biashara ya nje ilipofunguliwa yakaingia mazulia ya plastiki yenye maua mekundu, watu wakaitupa mikeka kama vile haijawahi kuwalaza. Basi akapunguza. Akaanza kusuka vitanga vidogo, upana wa kisahani, vya kuwekea kikombe cha moto kisiunguze meza.

"Kibiti nani ana meza ya kuionea huruma?" majirani wakamcheka.

Baba mdogo Hemedy, mdogo wake anayeishi Mbagala, ndiye aliyevipiga picha akaviweka kwenye intaneti, kule kwenye vibanda wanakolipia kwa dakika. Tukasahau. Halafu akapiga simu dukani kwa jirani: kuna mama Arusha anafungua hoteli ndogo, ameviona, anataka sita avishike kwa mkono wake. Akivipenda ataagiza vya meza zote. Ila vifike kabla hajafungua, maana kuna mtu anamshawishi achukue vya plastiki.

"Plastiki tena!" Shangazi akasema. Jioni ile ile vilikuwa tayari.

Shida ikawa kuvipeleka. Wakala wa mizigo pale stendi alisema mzigo ni mzigo, uwe gunia au kiberiti, na bei yake ya chini ilizidi ya vitanga vyenyewe. Posta hatukuifikiria. Kwetu posta ni ya barua na watu wa ofisi. Njia ya mtu wa chini inajulikana: unampa kondakta mkononi, unamwekea na ya soda, mtu wako anapokea mwisho wa safari.

Sasa, watu wa Salale wana desturi yao. Kitu kinachopita mikononi mwa wengine kinashonewa ndani ya nguo pande zote, mtu akikichokoa ijulikane. Hata kamba wakavu wa harusi wanasafirishwa hivyo. Shangazi akakata kipande cha kaniki yake kuukuu, akapanga vitanga, akatia majani makavu ya mwarobaini ili wadudu wasitoboe, akashona kwa uzi mwekundu kwa sababu ndio uliokuwepo. Juu akashikiza karatasi yenye jina lake na la Hemedy, ambaye angekipakia basi la Arusha.

Kondakta Sadallah alikipokea kifurushi akicheka. "Bi mkubwa, hiki kitafika kabla yangu."

Hakikufika. Baba mdogo alisimama Mbagala mpaka mabasi yakaisha. Alipomuuliza Sadallah, akajibiwa, "Mzigo gani? Mimi sikupewa mzigo."

Aliyekileta ni Sikudhani, anayeuzia abiria korosho pale Bungu, kituo cha njiani. Kimelowa umande, kaniki imejaa matope.

"Dada Mwamini, jina hili si lako? Kimerushwa dirishani, abiria wanashangilia kama goli."

Majani yalichakarika, akatueleza. Mwanamke mmoja akanusa, akasema hao watu wa Rufiji, hiyo ni dawa, gari litapinduka. Basi zima likapiga kelele. Sadallah akarusha.

Shangazi alichukua kisu chake cha kuchania ukindu, akaenda stendi anakanyaga kama anaua siafu. Nikamfuata.

"Sadallah! Shuka!"

"Bi mkubwa, gari linaondoka."

"Liondoke, wewe umeshuka."

Akashuka, macho kwenye kisu. "Mama, wangeniua. Kitu cheusi, uzi mwekundu, kinanuka mwarobaini. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningesema ni cha nani! Una mdomo wa kuita abiria kuanzia Nyamwage mpaka Mbagala, wa kunitetea mimi huna? Halafu unamwambia mdogo wangu hukupewa!"

"Fungua tuone majini!" kijana mmoja akapayuka dirishani.

Shangazi akakata uzi, akaanza kuvipanga vitanga juu ya boneti. "Haya, majini hayo. Huyu wa chai. Huyu wa kahawa. Huyu wa uji wa mama yako." Watu wakacheka mpaka dereva. Shangazi hakucheka. "Mimi mchawi, sivyo? Ningekuwa mchawi ningelibembeleza basi lako bovu? Ningevirusha Arusha kwa upepo!"

"Basi yaishe, mama. Lete nipeleke bure."

"Hata ukinilipa."

Tukaingia posta, nadhani kwa sababu hasira ilikuwa bado inatembea. Karani, Bwana Haruni, alivigeuza geuza. "Vinalala bapa hivi? Ni vyepesi. Tia kwenye bahasha ngumu, vitakwenda kama barua." Akapima, akakata stempu. Gharama ilikuwa chini kabisa ya bei ya wakala. Kimoja kilikuwa na doa la matope lisilotoka. Shangazi akakitoa, akatuma vitano.

Vilifika siku moja kabla ya hoteli kufunguliwa. Yule mama akaagiza vya meza zote.

Sasa ni furushi kubwa, na Bwana Haruni mwenyewe amemwambia ukweli: kwa wingi huu, basi ni nafuu kuliko bahasha. Shangazi anajua. Amekaa barazani na rundo la bahasha, vitano vitano, analamba stempu, anabandika. Basi la Sadallah limepunguza mwendo.

"Bi mkubwa! Nafasi ipo juu kwenye keria!"

Hakuinua kichwa. Ulimi umemkauka, akanituma chai. Nilimwekea kikombe juu ya kile kitanga chenye doa, maana hataki kingine. Akanywa, akalitazama doa, akavuta bahasha nyingine.

"Keria," alisema. "Apande yeye."