Safu Iliyoungua

Mama alitaka jibu moja tu kutoka katika masomo yangu yote ya kilimo: ile miti imekufa au haijafa.

Nilikuwa nimerudi nyumbani, kilimani nje ya Butembo, kwa sababu chuo kilikuwa kimefunga tena. Ilikuwa miaka ya uasi. Walimu wetu wawili walikuwa wamekwama Beni, na barabara ilifunguliwa na kufungwa na watu wenye bunduki kadiri walivyoamka. Nilichoka bila kufanya kazi yoyote. Nikikumbuka vita vile, huo ndio uchovu unaonijia kwanza, wa kungoja kitu ambacho hakuna anayejua kama kinakuja.

Kiangazi kile kilianza mapema na hakikutaka kuondoka. Nyasi zilikauka mpaka zikawa zinavunjika chini ya mguu. Kisha mtu akawasha moto. Wengine walisema ni wachoma makaa, wengine walisema ni askari waliotaka kuona mbali. Kila aliyesema nilimuuliza, “Ulimuona?” Hakuna aliyekuwa ameona. Moto ulishuka toka mgongo wa kilima, ukala mihogo ya watu, ukafika kwetu na kuichoma safu ya mpaka yote, kisha ukafia kwenye tope la bondeni.

Kwetu mpaka wa shamba haufanywi kwa waya wala mawe. Unapandwa. Kuna mti wa miba, wenye gome nene na maua mekundu. Ukikata tawi lake na kulichomeka udongoni, linashika mizizi. Safu yetu ilichomekwa na babu. Juu yake kulikuwa na ardhi ya kilima, kavu. Chini yake kulikuwa na kipande chembamba kando ya bonde, ambako udongo ulibaki na maji hata mwaka ule. Kipande hicho kilikuwa cha mama, na ndicho kilichotulisha. Mpaka ukiwa hai, hakuna anayeuliza neno. Ukifa, maneno yanaanza upya: chefu wa kilima anaitwa, anasikiliza kila upande, anapanda safu nyingine pale anapoona inafaa.

Ardhi ya juu alikuwa amepewa baba mdogo, ndugu wa marehemu baba. Aliishi miaka mingi chini kwenye msitu, upande wa Mabalako, akilima kahawa. Kahawa ilianza kumfia kabla ya vita. Majani yalikauka yakingali yameshika matawi, kama mtu aliyamwagia maji ya moto. Halafu wenye bunduki wakaingia msituni. Akapanda kwetu na mke na watoto, akiwa na panga na sufuria mbili.

Moto ulipopoa, alishuka na jembe, akapita pale palipokuwa na safu, akapanda kwenye majivu maharagi yale yanayopanda vijiti, mpaka ukingoni mwa tope. Mama alimkuta akichomeka vijiti vya kuyashikilia.

“Shemeji, umevuka mupaka.”

“Mupaka gani? Mimi minaona makala tu,” alisema, akisukuma kipande cha mkaa kwa mguu.

“Makala ya nani?”

“Ya Mungu, mama. Enda umuulize Yeye.”

Majirani waliokuwa wakilima karibu walicheka. Mama hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kumwita chefu.

Chefu alikuja siku iliyofuata, mtu aliyeamua kesi nyingi kuliko usiku aliolala tangu vita vianze. Alipita safuni, akagonga shina moja kwa fimbo. Lilitoa sauti ya ngoma iliyopasuka.

“Tungoje mvua,” alisema. “Kama inaota, donc basi mupaka iko pale pale. Kama hapana kuota, nitapanda ingine mimi mwenyewe, na hapana mutu ataniuliza ninaipanda wapi.”

Sote tulijua angeipanda wapi. Baba mdogo alikuwa na watoto wadogo sita na ardhi kavu tupu. Sisi tulikuwa wawili tu, na mmoja alikuwa anakula vitabu.

Jioni hiyo, jikoni, mama aliniuliza. “Wewe unasoma miti, hapana? Sema basi.”

Nilianza kueleza. Nilisema gome nene lile ni kama blanketi, moto unapita juu yake na uhai unabaki ndani. Nilisema pia kwamba wakati wa jua kali mti huo unaangusha majani yake kusudi usipoteze maji, na unakula akiba iliyo mizizini. Lakini mwaka huu ukame ulikuwa umetangulia. Miti ilikuwa imeangusha majani mapema, ikatoa maua nje ya msimu, ikatoa tena. Watu wengi waliotumia maua yale kama alama ya kupanda maharagi walipanda mara ya kwanza na yakawafia. Akiba imebaki kiasi gani, sijui. Mti unaweza kushinda jua, unaweza kushinda moto. Vyote viwili vikifuatana, hakuna mwalimu aliyenifundisha.

“Papa,” alisema mama, kama kina mama wa kwetu wanavyowaita wana wao, “nimekuuliza neno moja, unanipa misa nzima.”

“Neno moja ni sijui.”

“Ungesema hivyo tangu mwanzo, ningekuwa nimelala.”

Kesho yake nilikwenda na kisu kidogo. Ukikwaruza gome na kukuta kijani chini yake, tawi ni zima. Nilikwaruza mashina matatu. Nilikuta rangi ya ugoro, kisha rangi ya ugoro, kisha kitu cha manjano kilichoweza kuwa uhai au kuoza. Mama alitokea nyuma yangu.

“Wacha. Kusudi uone kama mugonjwa iko na damu, unamukata?”

Nikafunga kisu. Hakikuwa kimenisaidia.

Mvua haikuja. Kanisani katekista alisema ni dhambi za nchi. Wafanyabiashara waliotoka Beni walisema mabomu yamefukuza mawingu. Mwalimu wetu, kabla chuo hakijafunga, alikuwa amesema msitu unakatwa sana upande wa chini, na penye miti michache mawingu nayo yanapungua. Hilo ndilo lililoelekea kuwa kweli kwangu. Hata hivyo nilimuuliza tunajuaje, maana tangu kituo cha kupimia mvua kiporwe hakuna aliyepima hata tone. Alisema ni swali zuri, akafuta ubao. Wazee walisema zamani misimu ilijulikana. Labda. Nilichokiona kwa macho yangu ni kwamba mama aliamka kila asubuhi, akatazama upande wa milima ya Ruwenzori, akarudi ndani.

Mvua ilipokuja, ilikuja kwa uchoyo. Na cha kwanza kuota hakikuwa safu yetu. Vilikuwa vijiti vya baba mdogo.

Alikuwa amevikata kwenye miti ile ile ya miba, kando ya njia ya bondeni, ambako moto haukufika. Sasa kila kijiti kilikuwa na vichipukizi, na mstari wa mwisho, uliofuata ukingo wa tope, ulisimama umenyooka na kijani kuliko mpaka wowote kilimani. Watu walikuja kuutazama. Kwetu hata mtoto anajua kwamba mti ule haushikilii maharagi. Ukiuchomeka, unadai ardhi.

“Shemeji yako anapanda haraka,” jirani mmoja alimwambia mama. “Maharagi ingali chini, mupaka imeshafika kiunoni.”

Baba mdogo alijitetea mbele ya wote. “Kule musituni tunakata muti yoyote. Mimi nilisahau.”

Siku moja nilimkuta peke yake akipalilia, nikamuuliza. “Baba mudogo, kweli ulisahau?”

Alinyoosha mgongo polepole. “Wewe unaamini nini?”

“Sijui.”

“Basi tuko babili, mimi na wewe.”

Akaendelea kupalilia. Mpaka leo sijapata jibu bora kuliko hilo.

Mvua chache zile zilitosha kwa mambo mengine. Visiki vya kaliptusi mgongoni mwa kilima vilitoa majani ya rangi ya samawati, mengi, kama havikuwahi kuungua. Akasia zilizokuwa pembeni mwao zilikufa kabisa. Magugu ya gugumwitu, yale yanayopenda ardhi iliyoungua, yalifunika shamba lote. Safu yetu ilibaki nyeusi. Mama aliacha kwenda kuitazama. “Ikufe basi,” alisema akichambua sombe, yale majani ya mihogo. “Hata mimi nimechoka kuingojea.”

Siku chache baadaye alikwenda kung'oa gugumwitu, kwa sababu lazima mtu ang'oe. Akaniita kwa sauti ya kawaida, kama ananiita kula. Hatua moja kutoka kwenye shina lililoungua, vichipukizi vyenye miba laini vilikuwa vimetokeza udongoni. Havikutoka kwenye shina. Vilitoka kwenye mzizi. Ndiyo maana kisu hakikunionyesha kitu: nilitafuta uhai mahali ulipokuwa umeshahama. Si miti yote iliyofanya hivyo. Kulikuwa na mapengo mapana, meusi, ambayo hayakujibu kitu.

Chefu alirudi. Alishika kichipukizi kimoja, akavuta, hakikuja. Alichimba kidogo kwa fimbo, mzizi mnene kama mkono ukaonekana. Kisha akaenda ukingoni, akang'oa kijiti cha baba mdogo kwa vidole viwili. Kilitoka na vinyuzi vyeupe.

“Hii ni ya juzi,” alisema. “Ile ni ya babu yenu. Mupaka iko pale pale.”

“Na pale katikati?” aliuliza baba mdogo. “Pale hapana kitu.”

“Pale mutapanda.”

Baba mdogo alitazama maharagi yake, yaliyoanza kutoa maua. Hakuomba. Mama ndiye aliyesema, akiwa ameketi juu ya jembe.

“Maharagi utavuna. Sina nguvu ya kuangalia chakula ya batoto inaoza. Lakini ile vijiti unaondosha yote, na unaipanda kwenye mapengo. Wewe mwenyewe. Leo.”

Baba mdogo alianza alasiri hiyo, akianza na mstari wa ukingoni. Alifunga mashina ya maharagi kwenye mabua ya mahindi, akang'oa vijiti kimoja kimoja, akavipandisha mpaka safuni. Mama alikaa palepale, akifuata kila kijiti kwa macho. Kimoja baba mdogo alikichomeka chini kidogo ya mstari.

“Juu,” alisema mama.

Akakisogeza.

“Juu tena.”

Baba mdogo alimtazama, akapumua, akakitoa tena na kukichomeka katikati kabisa ya machipukizi mawili ya zamani. Mama akaitikia kwa kichwa. Hakuondoka, vilikuwa vimebaki vijiti vingi.