Tanga Nililolishona Nyuma ya Waya

Mwezi uliopita nilikuwa katika mji wa Salama, nikingoja mahindi ya kuchoma yaive, dereva mmoja kando yangu alipokunjua turubai kufunika mzigo wake wa vitunguu. Harufu ikanijia puani: nta kuukuu, dizeli, vumbi lililochomwa na jua. Mahindi yangu yaliungua nikiwa nimeduwaa. Msomaji wangu, niliwahi kufungwa ndani ya harufu hiyo nikiwa na miaka kumi na mmoja, nikadhani nakufa.

Tuliishi Malili, mimi na mama, katika nyumba ya vyumba viwili. Mbele yetu ilipita barabara kuu ya Mombasa. Nyuma ulikuwa uwanda mpana wa nyasi, na upepo uliovuma kutwa kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza. Mama alikuwa fundi wa nguo. Baba aligongwa na lori akivuka kwenda kununua mkate, na baada ya mazishi mama aliweka geti la mabati, akalizungushia boma lote waya, akaniambia, "Mwende, ni shule, kanisa, nyumbani. Basi." Kote huko nilipelekwa na kurudishwa na jirani yetu mwalimu. Kwa miaka miwili nilijifunza ule waya kama wenzangu walivyojifunza kuogelea. Nilijua tundu lipi linapitisha mkono mzima na lipi linapitisha vidole vitatu tu.

Kupitia matundu hayo niliwaona Kyalo na Wanjiku wakiunda gari la upepo. Kyalo alikuwa mtoto wa fundi wa kuchomelea vyuma. Wanjiku, ambaye wazazi wake walitoka Murang'a wakafungua duka la misumari na mabati, alikuwa na kichwa cha hesabu. Walifunga magurudumu mawili ya baiskeli nyuma, moja la wilbaro mbele, ubao wa kukalia katikati, kisha wakasimamisha bomba la maji liwe mlingoti. Tanga lao la kwanza lilikuwa magunia, na upepo ulipenya ukaenda zake. La pili lilikuwa turubai la lori. Hilo lilipigapiga kama kuku aliyeshikwa miguu, na gari likawa linageuza pua kuutazama upepo, halafu linasimama.

"Imekataa kwenda," Kyalo aliniambia akiwa nje ya waya, jasho likimtoka.

Hakuna mtoto aliyekuwa ameniletea shida yake kwa muda mrefu. Nikamkumbuka mama, ambaye kila alipotia vikunjo kifuani mwa gauni alisema, "Kitambaa ni bapa, lakini mtu si bapa." Nikawaambia wanipitishie turubai chini ya waya.

Nililishona kwa sindano ya magunia, Jumatano baada ya Jumatano, akina mama wa kanisa walipokusanyika sebuleni kwetu. Wakianza kuimba, nami najibanza nyuma ya tangi la maji, navuta uzi. Nilitia vikunjo vinne upande wa mlingoti, turubai likapata tumbo. Walipolijaribu, Wanjiku aliniletea habari kila jioni, nami nikarekebisha: kikunjo cha juu kilegezwe, ukingo wa nyuma ukazwe. Nikawaambia pia wausogeze mlingoti mbele shibiri mbili. Siku walipousogeza, gari liliondoka. Niliona tanga likipungua, likawa kama kipande cha karatasi, na kelele za furaha za Wanjiku zikapotea. Nilishika waya kwa mikono miwili. Nililijua lile tanga kila shono, lakini sikuwahi kuligusa likiwa na upepo ndani yake.

Jumatano iliyofuata, mama mmoja aliyekuwa na desturi ya kuombea kaunti zote arobaini na saba, moja baada ya nyingine, alipofika ya tatu, nilipita chini ya waya.

"Na mamako?" Wanjiku aliuliza.

"Anaomba."

Kyalo alinielekeza. Kamba ya miguuni ni ya kukata kona, ya mkononi inashika tanga. Ukitaka kusimama, iachilie, maana breki hakuna. Lakini ile ya mkononi ilinichoma kiganja, nami kwa ujuaji wangu nikaifunga kiunoni, fundo juu ya fundo. Upepo ukajaa. Nyasi zikawa mistari, machozi yakanikimbilia masikioni, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu.

Halafu upepo ukageuka kidogo, na nikaona malori ya barabara kuu mbele yangu. Nikavuta fundo. Kadiri tanga lilivyovuta, ndivyo fundo lilivyozidi kukaza. Nilisikia honi. Nikapiga teke kamba ya miguuni kwa nguvu zote, gurudumu moja likainuka, gari likapinduka, na turubai lote likaniangukia.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa chini ya ubao, kamba imenibana tumbo, na kila nilipovuta pumzi turubai lilinigandama usoni. Nililisukuma kwa kichwa. Nilikuwa nimelishona kwa uzi maradufu ili lisipasuke, na halikupasuka.

Kisha nikasikia makasi. Turubai lilifunguka juu ya uso wangu na nikamwona mama, hana kitambaa kichwani, hana viatu.

"Mwaitu, nisamehe," nililia, nikimwita mama kwa Kikamba.

Alikata kamba, akapapasa mkono wangu uliovunjika, kisha akashika kipande cha tanga akakigeuza ndani na nje.

"Hii kushona ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Na hizi vikunjo?"

"Ni mimi, Mwaitu."

Nikangoja kofi. Badala yake aliinua macho, akaona nyumba yetu ilivyokuwa mbali, na miguu yake ikaanza kutetemeka hata akaketi chini. Wenzake wawili wa maombi, waliomfuata mbio, walimshika makwapa wakamrudisha hatua kwa hatua, amefumba macho. Nilidhani ni hasira. Kesho yake waya uliongezewa safu ya pili, na mawe chini yake. Kyalo na Wanjiku hawakuruhusiwa tena kusogea karibu. Nilibaki humo hadi nilipopelekwa kwa shangazi yangu huko Tulia, kusoma.

Nilimbebea mama kinyongo kile miaka mingi. Mwaka jana, tukichambua ndengu, ndipo nilipomuuliza kwa nini alinifungia vile.

"Wewe unakumbuka nani alikuwa ananiletea uzi?" aliniuliza.

Nikafikiri. Ni mama yake Wanjiku. Unga uliletwa na mwalimu. Wateja walikuja na vitambaa vyao mlangoni. Nilitafuta katika kumbukumbu zangu zote siku nyingine ambayo nilimwona mama nje ya lile geti, nikaikosa. Nilikuwa nimeutazama ule waya kwa miaka mingi nikimwona yeye kama mlinzi wake, kumbe tulikuwa wafungwa wawili.

"Lakini siku ile ulitoka," nikamwambia.

Akapepeta ndengu zake, akapuliza makapi.

"Siku ile," alisema, "hata sikuona geti."