Radi Ajifunza Kubisha Hodi

Saa kumi na moja jioni, viti vya ukumbi bado vitupu, na mpiga ngoma anayeitwa Radi anasimamishwa tena. Kiongozi wa bendi, mwanamke mfupi mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba, ameinua mkono. Tarumbeta, tromboni na saksafoni zinanyamaza.

"Radi, baba, wenzako wamechelewa kuingia. Kosa ni lako."

"Langu tena, mama? Nimepiga palepale walipopiga wao!"

"Ndilo kosa lenyewe."

Radi ana miaka arobaini na moja na amepiga muziki wa roki tangu alipomaliza shule. Bendi yake ya watu wanne ilivunjika mwaka jana, na sasa anatengeneza spika kwenye karakana ya rafiki yake. Mpiga ngoma wa bendi hii kubwa ya jazi amestaafu. Onyesho la leo ndilo litakaloamua kama Radi atarithi kiti chake.

"Nikishindwa leo, vijiti navitundika ukutani," anasema. "Sitanii."

Tatizo lake si mikono. Katika roki, ngoma na gitaa hupiga kwa pamoja, na nguvu ndiyo sheria. Hapa kuna wapuliza kumi na watatu, na kabla ya kila pigo kubwa wanategemea ngoma iwatangulie kwa mdundo mfupi, wavute pumzi kwa pamoja. Mpiga ngoma anayesubiri kupiga nao ameshawachelewesha.

Anayemfafanulia ni mpiga tarumbeta wa kwanza, kaka wa mkewe, ambaye ndiye aliyempendekeza.

"Shemeji, wewe unaingia sebuleni pamoja na wageni. Sisi tunataka mtu wa kubisha hodi."

"Sawa, nitabisha."

"Kistaarabu lakini. Juzi uling'oa mlango na fremu yake."

Bendi nzima inacheka. Radi anavua buti na kubaki na soksi, ili mguu wake ukanyage ngoma kubwa kwa wepesi, usiimeze sauti ya mpiga besi. Wanarudia. Anakosea tena. Muda wa mazoezi umekwisha.

Saa mbili usiku ukumbi umejaa. Nyimbo za mwanzo ni za taratibu na Radi anazivuka salama, macho yakiwa kwenye toazi. Kisha unakuja ule wa kasi, uliomshinda jioni. Katikati yake bendi yote hukaa kimya, halafu wapuliza wote hushuka kwa pigo moja.

Kimya kinafika. Shemeji ana tarumbeta mdomoni, hageuki. Radi anapiga mara tatu, haraka, nyepesi, na kuacha nafasi.

Pigo linashuka kama mtu mmoja. Mwanamke wa safu ya pili ya watazamaji anaruka kutoka kitini. "Haya sasa!" anapaza sauti mpiga besi. Pigo la pili, safi. La tatu, safi. Kiongozi anamnyooshea Radi kidole: zamu yake peke yake. Hapo roki yote inafunguliwa, matoazi yanawaka, na muda wake unapokwisha kiongozi anazungusha kidole hewani: endelea! Anaendelea, shati limelowa, kisha anawaita wenzake kwa mapigo matatu yaleyale. Wanaingia wote. Ukumbi mzima umesimama.

Nyuma ya jukwaa kiongozi anafuta miwani yake bila haraka.

"Mazoezi ni Jumanne, saa kumi. Saa kumi yangu mimi, si saa kumi ya watu wa roki."

Radi anamkumbatia shemeji yake, tarumbeta ikiwa katikati yao.

Sasa anataka kujifunza kupiga kwa brashi, vifagio vya waya vinavyopapasa ngoma katika nyimbo za polepole. Ataanza kesho, nyumbani.

"Aanze tu," anasema mkewe, fundi cherehani. "Ila niwaambie majirani kwanza. Wakisikia kimya kile, watadhani tumehama."